Voyager "inachoma" plutoniamu? Na je, stima au umeme?

Msomaji wa Kisauni auliza kuhusu Voyager 1, chombo cha angani cha NASA (shirika la anga la Marekani): ameandikia wanafunzi "Voyager 1 yachoma plutoniamu ili ipate stima", mwenzake akakata "yachoma" na "stima". Nani yuko sawa?

Ndugu yangu, kwa "yachoma" mwenzio yuko sawa kabisa na hapo mie siregezi, manake kuchoma kunataka moto na ndani ya Voyager hakuna moto. Plutoniamu 238, metali yenye mionzi, yatoa joto yenyewe, viini vya atomu zake vinavunjika pole pole bila kuwashwa wala kuzimika, joto lile linapita kwenye vipande vya silikoni na jemaniamu ambavyo upande mmoja una joto na wa pili baridi, basi umeme unatoka hapo hapo na hakuna kitu kinachozunguka kama kwa jenereta. Kwa hivo sema joto "linageuzwa" umeme. Hata seli za fueli za Apollo, vyombo vilivyopeleka watu mwezini, zilizokuwa na oksijeni kabisa, hazikuchoma kitu, hidrojeni na oksijeni ziliungana tu zikatoa umeme na maji ambayo wanaanga waliyanywa.

Tena usije ukaandika Voyager "inaisha chaji", naona watu wengi wanateleza hapo. Chaji ni ya betri. Sputnik 1, satelaiti ya kwanza, mwaka 1957 ilikuwa na betri pekee na baada ya kama wiki 3 redio ikanyamaza, hapo sema betri ziliisha. Kituo cha Anga cha Kimataifa chazunguka dunia kwa kama dakika 90, kikiwa juani sola zachaji betri, kikiingia gizani betri ndizo zinashikilia, kwa hivo "kuchaji" ni neno halali na lina kazi yake. Voyager haichaji kitu, ilianza 1977 na wati kama 470 na kila mwaka zapungua kama 4, ndio maana NASA wanazima kifaa baada ya kifaa. Nguvu "inapungua", basi.

Stima sio kosa, kwetu Mombasa nani asiyesema stima zimepotea? Lakini stima wanafunzi wataifikiria ile ya nguzo na waya na tokeni, sasa kwa chombo cha angani mie naona "umeme" ni bora.

Sentensi yako iwe hivi: "Voyager 1 hupata umeme kutokana na joto la plutoniamu."