Jibu: Kwa nini Syrah inakausha ulimi?

Ndugu, umeuliza kwa nini chupa ya Syrah, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, uliyoifungua ilikukausha ulimi. Ukavu huo unatokana na tanini, yaani kemikali za asili zenye ukakasi zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu, nao huhisika zaidi mvinyo ukinywewa baridi mno; kwa hiyo uache ufikie nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, kisha uumimine katika chombo kipana upate hewa kwa saa moja hivi. Zungusha glasi taratibu na unuse kabla ya kuonja: harufu ya pilipili manga, ambayo kwangu ndiyo uzuri wake mkubwa, hutokana na kemikali iitwayo rotundoni iliyomo katika ganda la zabibu, na hujitokeza zaidi katika mvinyo wa maeneo ya ubaridi, kama kaskazini mwa bonde la Rhône nchini Ufaransa, kuliko katika mvinyo wa Barossa, Australia, ambako Syrah huitwa Shiraz, ingawa aina ya zabibu ni ileile.