Maswali ya wenye mikweche: kilomita laki tatu, maji ya bomba na thamostati iliyotupwa

Haya, tuendelee. Mengi nimeyaacha maana mtu anaandika "gari yangu ina tatizo nisaidie" halafu basi, hamna aina, hamna injini, hamna mwaka. Nshasema, na nasema tena: taja gari, taja injini, taja kilomita, na useme fundi aligusa nini mara ya mwisho. Hilo la mwisho ndo huwa linanipa jibu.

Shikamoo mkuu. Nina Corolla 110, injini 5A, inasoma laki tatu na kumi. Jirani zangu hapa Nyegezi, Mwanza, wanasema niiuze kabla haijanifia. Unashauri nini?

Marahaba. Hao majirani si ajabu mmoja wao ndo anaitaka.

Laki tatu kwa 5A iliyokuwa inamwagwa oili kwa wakati siyo kifo. Na kwanza hiyo laki tatu nani anaithibitisha? Gari ya namba A imepita mikono mingi, dashibodi inasoma kile ambacho muuzaji mmojawapo aliamua isome, ndo maana mimi sishangai nikiona ya mwaka 1998 inauzwa na kilomita elfu themanini halafu raba za pedali zimelika mpaka chuma na usukani unang'aa kwa jasho la watu.

Fanya hivi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, mtu apige stata wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka kidogo ukaisha hizo ni sili za valvu, unaweza kuishi nazo huku unaongeza oili. Bluu inayotoka ukikanyaga kupanda mlima wa Isamilo ni ringi za pistoni, anza kuweka hela pembeni. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto na maji yanapungua bila kuvuja popote, hedi gasketi hiyo, usipoteze muda. Hamna hata kimoja? Kaa na gari yako. Spea zake zimejaa kila duka, na ukiiuza utaenda kununua ya mtu mwingine ambayo ugonjwa wake huujui.

Kitakachokusumbua Mwanza kabla ya injini ni chini. Hizi njia zetu za mawe za kupanda milimani zinakula bushi na boljointi na shokapu, tenga hela ya hivyo kila mwaka acha kulia.

Mark II GX100, mkanda wa taiming sijui ulibadilishwa lini.

Hujui maana yake badilisha. Kilomita laki moja ndo mwisho wake, na mpira unazeeka hata gari ikipaki tu. Toa na pampu ya maji hapohapo, maana kazi ya kuifikia ni ileile na fundi atakudai mara mbili. Wenye injini za 1NZ na 1ZZ mna cheni, msije kuniuliza mkanda.

Kaka, Carina yangu inachemsha nikiwa kwenye foleni ya Buzuruga ila nikitoka kwenda Magu haina shida. Fundi ametoa thamostati akasema huku joto hatuitumii. Sasa inakula na mafuta. Niko Igoma.

Nilikuwa nangoja mtu aandike hili. Fundi wako kakuuzia matatizo mawili badala ya moja.

Gari inayochemsha ikisimama na kupoa ikitembea, hiyo ni feni. Basi. Ikitembea upepo unafanya kazi ya feni, ikisimama hamna wa kufanya. Angalia fyuzi, rilei, sensa ya feni, mota yenyewe. Ingekuwa inachemsha kwenye mwendo au kwenye mlima tu, hapo tungeongea rejeta iliyoziba au pampu. Watu wa Sengerema zamani foleni ya kivuko ndo ilikuwa inawapima feni, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mnapita tu, mtakuja kugundua feni imekufa mkiwa mjini.

Sasa thamostati. Kazi yake ni kuziba maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kwenye nyuzi 82 hivi, ndo ifungue. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaona bado baridi inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Ndo mafuta yako yanakokwenda. Na kwenye injini zingine ukiitoa maji yanazunguka njia ya mkato bila kupita vizuri kwenye rejeta, kwa hiyo umeitoa isichemshe na inachemsha zaidi. Wenye Passo na Vitz zisizo na mshale wa joto, ukiona ile taa ya bluu inakaa muda mrefu wakati jua linawaka, muulize fundi wako thamostati ameweka wapi.

Halafu kuna hili hamlijui. Mwanza tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100 kama Dar. Kinachoyazuia yasichemke ni presha ya mfuniko wa rejeta, ule ulioandikwa 0.9 au 1.1. Mfuniko ukichoka mpira, umeisha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gari na hakuna anayenunua, mtu yuko radhi aing'oe hedi kwanza.

Na kama rejeta yako ina maji ya bomba, yamwage. Yanafanya kutu ndani, kutu inaziba rejeta, rejeta inaua hedi. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, kuna watu wana makovu usoni kwa sababu ya haraka.

Gari inakula mafuta sana shida ni nini.

Soma jibu la juu. Kama haihusiki, rudi na jina la gari.

Nina Ist ya 1NZ, inapunguza oili. Fundi kasema niweke namba 40 nzito itaacha.

Inapunguza kiasi gani? Pima. Toa kile kijiti asubuhi gari ikiwa tambarare, andika kwenye daftari, rudia kila ukijaza mafuta sheli. Injini hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na filta, ikipungua nusu lita kati ya sevisi na sevisi usimwite mtu. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi, na asubuhi ndo injini inapolika. Tumia 5W-30, ikiwa imechoka 10W-40, mwaga kila kilomita 5,000 na filta mpya, siyo ile iliyofutwa kwa kitambaa. Wenye 1ZZ za miaka ya mwanzo, nyie zenu zinakula oili kwa kuzaliwa nazo, pistoni zake zilitengenezwa na vitundu vidogo vya kurudisha oili vinavyoziba, tembeeni na kopo kwenye buti.

Kuosha gari ziwani kuna madhara kwenye injini?

Kuna madhara kwako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na maji mnayomwagia grisi ndo yanavutwa kwenye mitambo ya maji ya Capri Point na Butimba mje kunywa. Injini yenyewe usiipige maji ya presha, yanaingia kwenye mashimo ya plagi, kesho unasema gari inamisi.

RAV4 ya zamani, nataka niende nayo Dar Desemba na familia. Itafika?

Injini itafika, mimi naogopa tairi. Ni kilomita zaidi ya 1,100 na watoto nyuma. Angalia ubavuni namba nne za mwisho, 2217 maana yake wiki ya 22 mwaka 2017. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri na mpira wa miaka tisa inapasuka Shinyanga huko kwenye jua, na mwendo huo hutaishika. Nunua mpya nne hata kama itabidi uende Januari. Haya, na maji, unajua nitasema nini.

Gia boksi ina laki mbili na nusu haijawahi kubadilishwa oili. Niguse nisiguse?

Mwaga kwa chini kinachotoka, jaza kiasi hichohicho, rudia baada ya miezi. Usiisukume kwa mashine. T-IV na WS ni aina za oili ya gia otomatiki za Toyota: kama ilikuwa T-IV weka T-IV, WS ni WS, na gia boksi ya CVT ina yake, ukiweka ya kawaida unaiua.

Tutajie fundi mzuri hapa mjini.

Sitaji, kesho akikuharibia utakuja kunitukana mimi. Nenda kamuulize fundi yeyote Carina inayochemsha kwenye foleni aifanyeje, akikimbilia kutoa thamostati ondoka. Na msinitumie inbox kuomba namba.