Acha kwanza ada ya chama, hiyo barua ya Ijumaa usiitoe

Mdogo wangu, umeuliza kama ada ya chama cha maafisa rasilimaliwatu ina faida, kama umwombe bosi akulipie semina ya mabadiliko ya sheria za kazi hapa Dodoma, na kitu gani kipya kimo humo. Halafu mwishoni kabisa, kimstari kimoja, ukaongeza kwamba bosi anataka mtunza stoo aondoke Ijumaa kwa sababu mifuko imepungua, na kwamba barua ya mfano unayo tayari, mshauri amekupa, imebaki kujaza jina na tarehe.

Hicho kimstari ndicho kimenitoa usingizini. Mengine yatasubiri.

Hiyo barua naijua. Inaanza na "Rejea kichwa cha habari hapo juu", ina aya mbili, halafu inamalizia kwamba utalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi na tunakutakia kila la heri huko uendako. Niliwahi kuijaza nikiwa afisa utumishi wa kiwanda cha kukamua alizeti huku kwetu kanda ya kati. Hizo heri alizipata kweli, tena kwa hela yetu.

Nianze na aliyenipa hiyo barua. Tangu Serikali ihamie Dodoma, kila anayemiliki kompyuta mpakato na suti moja ni mshauri wa masuala ya ajira. Wa kwetu alikuja na semina: ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, cheti chenye muhuri wa dhahabu, na flashi yenye "nyaraka zote muhimu". Alituambia mambo matatu bila kupepesa macho. Mwizi hana utaratibu. Ukimlipa mtu notisi umemalizana naye. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, hawamsumbui mwajiri mwenye ushahidi. Ukumbi mzima tukaandika, na mimi nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Yote matatu ni uongo. Alikula hela yetu, akala na sambusa zetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37 kwa namba tulizozizoea, inamtaka mwajiri athibitishe vitu viwili kwa pamoja: kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa ni wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Mfanyakazi anathibitisha tu kwamba aliachishwa, na barua yako ndiyo uthibitisho wake. Notisi ni habari nyingine kabisa. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, unampa hata yule uliyemwachisha kwa haki kwa sababu nyingine. Kumlipa notisi hakuzibi tundu lolote la utaratibu. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea notisi yako, akasaini, akashukuru, akaenda moja kwa moja CMA kujaza fomu namba moja, ile ya malalamiko. Ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Wa kwetu hakuhitaji hata nusu yake.

Sasa sikia kilichotokea. Kwetu yalipungua mashudu. Bosi akaingia ofisini asubuhi amevimba, akasema yule kijana wa stoo simtaki kumwona kesho. Nikafungua flashi, nikajaza jina, nikachapa, bosi akasaini, kijana akatoka na begi lake. Siku ile nilijiona HR wa kimataifa. Hesabu ya stoo ilifanyika wiki iliyofuata. Naomba usome tena hapo: tulimfukuza mtu kwa upungufu, halafu ndipo tukaenda kuhesabu kujua umepungua kiasi gani. Na aliyehesabu ni mwenzake aliyekwishakabidhiwa funguo, wakati mshtakiwa yuko nyumbani anakula ubuyu.

Wito wa CMA ulipofika nikampigia mshauri. Bila aibu akasema, "Tengenezeni faili." Tukatengeneza. Hati ya mashtaka ikaandikwa, muhtasari wa kikao cha nidhamu ukaandikwa, tarehe zikarudishwa nyuma. Lilikuwa faili zuri lenye kava la bluu na vitenganishi vya rangi, zuri kuliko kesi yenyewe. Mwakilishi wa yule kijana alilifunua taratibu, akafika kwenye muhtasari, akauliza swali moja: kiwanda chenu huwa kinafanya kazi Jumapili? Hakifanyi. Kikao chetu kilikuwa cha Jumapili. Mwamuzi hakucheka, na hapo ndipo niliposikia baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba ikinipanda mgongoni ukumbini.

Mwakilishi akaendelea. Mwenyekiti wa kikao alikuwa nani? Meneja uzalishaji. Aliyegundua upungufu? Meneja uzalishaji. Shahidi wa kwanza? Huyohuyo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinataka kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya kutosha kwenye menejimenti ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Zinataka uchunguzi uanze, mfanyakazi apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apate muda wa kutosha kujiandaa, angalau saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Hati yetu ilikuwa ya Kiingereza, tumeinakili kutoka kwenye flashi, na hata mimi aya ya pili sikuielewa vizuri.

Sijui kama yule kijana aliiba. Inawezekana kabisa aliiba. Huko Tume hatukufika kwenye hilo swali, maana hapakuwa na karatasi hata moja yenye tarehe ya kabla ya barua ya kumfukuza.

Halafu kuna hili ambalo mshauri wako hatakwambia kwa sababu halijui. Kijana mkataba wake ulionyesha aliajiriwa akiwa Kigoma. Ukimwachisha mtu kazi mbali na mahali ulipomwajiri, kifungu cha 43 kinakutaka umsafirishe yeye na mizigo yake, au umpe gharama, na kama unachelewa unamlipa posho ya kujikimu kuanzia siku ya kuachishwa mpaka siku ya kumsafirisha. Kanuni za mwaka 2017, Tangazo namba 47, zinaipima posho hiyo kwa mshahara wa msingi wa siku. Maana yake, kwa sababu ya nauli ya basi la Kigoma ambayo bosi aliigomea ("aende kwa miguu, si ana nguvu za kubeba mashudu"), tulikuwa tunamlipa mtu mshahara kamili bila kujua, kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu, muda wote kesi inatambaa. Ni kama mita ya teksi inayosoma na abiria alishashuka.

Kwenye hatua ya usuluhishi kulikuwa na nafasi ya kumalizana. Kijana alikuwa tayari kupokea kidogo aondoke. Bosi akasema hawezi kumlipa mwizi. Sawa, akaja kumlipa kwa tuzo, yaani uamuzi wa Tume: fidia ya miezi 12, kwa sababu kifungu cha 40 wakati ule kilisema isipungue hapo, juu yake posho ya kujikimu, likizo ambayo hakuitumia, na cheti cha utumishi ambacho tulimnyima kwa hasira. Piga mwenyewe: mtu wa laki sita kwa mwezi, miezi 12 ni milioni saba na laki mbili kabla hujagusa hayo mengine. Pale mnada wa Msalato unachagua ng'ombe wa kutosha na hela ya kuchoma nyama inabaki. Kwenda Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi kuomba mapitio kuna wiki sita, tulizipoteza nusu tukibishana nani alaumiwe. Unajua alilaumiwa nani. Mshauri? Simu yake ilikuwa haipatikani.

Kwa hiyo shika hili, na kama hutashika kingine sitakudai: barua ya kuachisha kazi ni karatasi ya mwisho kwenye faili. Kama ndiyo ya kwanza, huna faili, una barua tu.

Kwa mtunza stoo wako, kabla ya Ijumaa hesabu stoo yeye akiwepo, mlinganishe na vitabu, asaini na yeye, hata akikataa kusaini andika kwamba amekataa na shahidi awepo. Bosi kama hamtaki machoni, msimamishe kupisha uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili. Kusimamisha bila mshahara ni kesi nyingine unajitafutia. Barua ya kujieleza si hati ya mashtaka, watu wengi hapa wanachanganya. Kujieleza ni sehemu ya uchunguzi. Ukiona kuna hoja, ndipo unampa hati inayosema kosa gani, lini, wapi, kwa Kiswahili, na haki zake humohumo. Saa 48 zihesabu kwa ukarimu, mpe hata siku tatu, hakuna aliyeshindwa kesi kwa kutoa muda mwingi. Mwenyekiti mtoe idara nyingine, hata kama ni mhasibu anayelalamika ana kazi nyingi. Isipokuwa kama mhasibu ndiye aliyegundua upungufu, hapo tafuta mwingine. Muhtasari uandikwe palepale na wasaini wote. Akionekana ana kosa, mpe nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu, maana miaka kumi bila onyo ni kitu. Halafu barua. Ndani yake weka haki ya kukata rufaa na kwenda CMA, haikupunguzii chochote.

Nimeona pia umeandika kwamba "polisi wameshachukua maelezo". Angalia sana hapo. Akishafikishwa mahakamani kwa kosa hilohilo, sheria tuliyoitumia sisi, kifungu cha 37(5), inakuzuia kumpa adhabu au kumwachisha kwa kosa hilo mpaka kesi iishe na rufaa zake. Mabosi wanadhani polisi ni njia ya mkato. Unaweza ukajikuta na mtu huwezi kumfukuza na huwezi kumpa stoo.

Ulichouliza kuhusu sheria mpya, kwa haraka. Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi mwanzoni mwa 2025. Yameongeza likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti mpaka zitimie wiki 40 za ujauzito, yamepanua mikataba ya muda maalumu isibaki kwa wanataaluma pekee, na yamegusa mpaka fidia ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo hesabu yangu ya hapo juu ni ya enzi zangu, ya leo isome kwenye marekebisho. Pia kuna Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Usinakili namba za vifungu kutoka flashi ya mtu, wala kutoka kwangu, fungua toleo jipya. Na wafanyakazi wakikwambia "Mama alitangaza Singida", yaani Rais Samia, ile nyongeza ya asilimia 35.1 ya kima cha chini ya Mei Mosi 2025 ilikuwa ya utumishi wa umma, kutoka 370,000 kwenda 500,000. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, iliyoanza 1 Januari 2026, kutoka 275,060 kwenda 358,322. Angalia sekta yenu imepangiwa ngapi, viwango havilingani.

Chama? Jiunge, usijiunge, mimi bado nalipa. Mada nyingi ni picha na mgeni rasmi. Ila wakati wa chai mtafute yule mama au mzee aliyewahi kushindwa kesi, kaa naye meza moja. Mimi niliambiwa kuhusu nauli ya Kigoma nikiwa nimeshika kikombe, na dada mmoja wa kampuni ya ujenzi, tuzo ikiwa imeshatoka.

Sasa jibu haya hapa kabla hujachapa kitu: huyo mtunza stoo ana muda gani kazini, maana aliye chini ya miezi sita ana habari tofauti, mkataba wake ni wa kudumu au wa muda, na pale penye "mahali alipoajiriwa" pameandikwa wapi? Kama ni Nala au Kizota, una afadhali. Kama ni Bukoba, mwambie bosi aanze kutafuta nauli leo.