Eti injera kila siku? Ndio, kila siku

Ndugu zangu wawili wameniuliza kwenye grupu la familia eti huku Addis Ababa nakula nini na mbona kwenye picha nimekonda hivi, nawajibu mara moja nisirudie.

Jamani mi nakula injera, ule mkate wa huku mwembamba na mpana kama chapati. Mchana injera, usiku injera, na asubuhi wanaichana ile iliyolala wanaichanganya na mchuzi wa pilipili, inaitwa firfir, kwa hiyo ni injera tena. Mwezi wa kwanza nililia kimoyomoyo aisee, maana inachachuka mpaka taya zinasisimka, halafu kuitazama utasema sponji ya kuoshea vyombo, ya kijivu. Fikirieni unga umelowekwa kama togwa siku mbili tatu mpaka ukachacha, mtu akaumimina kwenye kikaango kikubwa kama chapati ya maji, akafunika. Hawaigeuzi. Vile vitobo vya juu wanaviita macho, na mama mwenye nyumba wangu injera ikitoka haina macho hataki hata wageni waione.

Unga wenyewe ni wa teff, punje ndogo kuliko ulezi, na bei yake sio mchezo, ndo maana vibanda vingi wanachanganya na mchele au mtama, ulimi ukishazoea unajua tu.

Ila kilichonisumbua hasa sio uchachu, ni kwamba huna sahani yako. Injera ndo sahani, ndo kijiko, mnazunguka sinia moja. Mi niliyezoea kujipakulia ugali wangu nikale mbele ya TV, huku ukila peke yako wanakuonea huruma. Halafu kuna gursha, mtu anakunja tonge anakutia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, wa kwanza kunilisha alikuwa bosi wangu, nikaduwaa, na kukataa ni kumvunjia heshima!

Nyama? Jumatano na Ijumaa msiniulize, Waorthodoksi wanafunga, hamna nyama, maziwa wala mayai, na kwaresima yao ni siku 55. Ndo kukonda kwenyewe huko, sio njaa. Ila lile sinia la mfungo, dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), kabichi na mboga za majani, siku hizi nalipenda kuliko kuku wao.

Shangazi anauliza kama nimejua kupika. Bado, nimejaribu mara mbili ikagandia, nanunua kwa jirani. Ule unga wa sembe mlionitumia Februari umebaki nusu mpaka leo.