Siku niliyosahau kumwamkia mgonjwa

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari, miezi michache tu tangu tuanze kuingia wodini. Kwenye raundi, daktari bingwa alisimama kando ya kitanda cha mzee mmoja mwenye ini lililovimba, akatuambia tulipapase. Tulikuwa wanane. Kila mmoja alibonyeza chini ya mbavu za kulia, kisha akampisha mwenzake. Mimi nilikuwa wa saba. Mzee alinishika mkono taratibu, akasema, "Mwanangu, hapo panauma." Nikamwambia avumilie kidogo, nikaendelea kubonyeza, kwa sababu nilijua nitaulizwa ini limeshuka sentimita ngapi.

Usiku hosteli ndipo nilipokumbuka kwamba sikumwamkia. Mimi, niliyelelewa kutoa shikamoo hata kwa mpita njia nisiyemjua! Nililia. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa nne tu kwa siku, naogopa sapu, yaani kurudia mtihani, kuliko kitu chochote, na mgonjwa alikuwa amegeuka swali la mtihani.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hili linajulikana. Mwaka 2009, Mohammadreza Hojat na wenzake wa chuo cha udaktari cha Jefferson, Philadelphia, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Uwezo wao wa kujiweka katika nafasi ya mgonjwa haukubadilika sana miaka miwili ya mwanzo. Uliporomoka mwaka wa tatu, yaani pale pale walipoanza kukaa na wagonjwa. Msongo una mkono wake hapo. Mtu anayejihami hana nafasi ya kumsikiliza mwingine.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja aliyenitangulia chuoni, aliyenifundisha taamuli, yaani kutuliza akili kwa kufuatilia pumzi. Nilisita kwanza, nikidhani ni ibada ya dini nyingine. Kumbe njia yenyewe haidai imani yoyote: unakaa kitini, miguu sakafuni, unahesabu pumzi mpaka 10, kisha unaanza tena moja. Akili itatorokea kwenye famakolojia, lile somo la dawa. Irudishe bila kujigombeza. Dakika 10, alfajiri, kabla hujashika simu. Wiki mbili za kwanza sikuona faida yoyote na nilitaka kuacha. Ukiwa umesoma fiziolojia utaelewa kinachofanyika: unapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua, kwa hiyo toa pumzi ndefu kuliko unayovuta.

Mwaka 1998, Shauna Shapiro na wenzake walijaribu mafunzo ya namna hii kwa wanafunzi wa udaktari na wanaojiandaa kuusomea, huko Arizona. Walitumia mbinu iliyotokana na kazi ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanza kuifundisha hospitalini Massachusetts mwaka 1979. Wasiwasi ulipungua na huruma ikaongezeka, hata kipindi cha mitihani. Ndiyo maana siwasikilizi wanaosema tutatulia tukishamaliza mitihani.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni kitu kidogo cha wodini. Shirika la Afya Duniani linataka tusugue mikono kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30 kabla ya kumgusa mgonjwa. Sekunde hizo unazo tayari, hakuna wa kukunyang'anya. Mimi huzitumia kupumua mara tatu na kuutazama uso wa ninayemwendea. Kisha shikamoo, na ninasubiri marahaba iishe kabla ya kufungua faili. Usiisubiri nusu nusu. Katika ile marahaba utasikia kama anahema, kama ana maumivu, kama amekata tamaa.

Na yule mzee? Asubuhi iliyofuata ule usiku niliolia nilirudi kwake, peke yangu, nikamwomba radhi. Akaniuliza kwetu ni wapi. Tuliongea habari za mashamba, basi.

Nisieleweke vibaya: kupumua hakufidii usingizi, wala hakurekebishi ratiba ya zamu ya saa 24 au mwalimu anayemdhalilisha mwanafunzi mbele ya wagonjwa. Hayo tuyaseme kwa viongozi wetu, tena kwa sauti. Na kama wiki mbili zimepita hupati raha ya chochote, huli, au unawaza kujidhuru, taamuli iweke pembeni uende kliniki ya afya ya akili leo, usingoje kesho. Najua unaogopa kukutana na mwalimu wako pale kwenye benchi. Nenda hospitali nyingine. Mwombe rafiki akusindikize, mkae wote mpaka uitwe.