Mwalimu Mstaafu Anajibu: "Nusu ni nusu, nijifunze nini tena?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Hisabati darasa la nne na la tano, huu mwaka wa 16. Mwalimu mkuu hachoki kutuita kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo ya walimu kazini. Lakini nusu ilikuwa nusu tangu enzi za babu. Kweli nijifunze nini tena?
Mwalimu, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipo vikao ambavyo mtu anapiga miayo, anasaini mahudhurio na kuondoka na kile kile alichokuja nacho. Hivyo sivitetei.

Ila nikusimulie habari ya bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki. Nilifundisha Sayansi miaka 20 na ushee, Kirumba, kwa daftari moja la notisi lililogeuka rangi ya chai. (Lilihesabu sayari tisa, na Pluto ilishaondolewa tangu 2006!) Kila mwaka nilichora samaki ubaoni, nikaandika "kibofu cha hewa", nikaeleza kuwa humsaidia kuelea na kwamba jikoni hutupwa pamoja na utumbo. Siku moja binti wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, mama akilitupa hilo, siku hiyo hatuli." Darasa likaangua kicheko. Nilimkaripia. Najuta hadi leo.

Jumamosi nikateremka Mwaloni, kwenye soko la samaki, kumtafuta mama yake. Alipasua sangara, akapenyeza vidole chini ya uti wa mgongo, akalivuta bondo taratibu lisitoboke: mfuko mweupe unaoteleza, ukiubonyeza unarudi kama mpira. Likikaushwa husafirishwa hadi China, akaniambia, na kilo yake inaiacha mbali bei ya minofu. Kisha akauliza, wala hakuwa na dhihaka, "Eti mwalimu, na dagaa wanalo?" Sikujua. Jioni nikapasua dagaa kwa wembe juu ya meza ya chakula, mke wangu akinung'unika. Wanalo.

Sasa turudi kwako. Mtoto akiandika kuwa 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, hajabahatisha. Amefuata ulichomfundisha mwenyewe kwenye namba nzima, kwamba nane inaizidi nne. Anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 naye ana njia yake, ya juu kwa juu na chini kwa chini. Ukimpigia mkasi tu, hajui umekataa nini. Mkatie chapati mbili, moja vipande vinne, nyingine vinane, achague kipande akiwa na njaa. Madaftari yenye makosa hayo ndiyo ya kupeleka kwenye kikao. Wenzako wakianza kubishana juu yake, miayo itapungua.

Jumatatu chagua watoto watatu waliokosa hesabu kama hizo. Mwulize kila mmoja peke yake amefikaje pale, kisha unyamaze. Hapo pa kunyamaza ndipo patakapokushinda. Mimi palinishinda mpaka nikabakiza miaka mitano kustaafu.