Kidonda cha siku ya nane: majibu kwa wazazi, na kwa bibi pia

Maswali yote haya yanahusu mtoto aliyetahiriwa na moheli, yaani ngariba wa Kiyahudi, katika tohara iitwayo briti mila.

Mwanetu kazaliwa Jumanne saa moja na nusu usiku. Moheli anasema tohara ni Jumatano. Sio Jumanne?

Yuko sahihi. Siku ya Kiyahudi huanza jua likitua, kama vile mtu wa pwani anavyosema usiku wa Jumatano akimaanisha usiku wa kuamkia Jumatano. Mwanenu ni wa Jumatano, na siku aliyozaliwa huhesabiwa ya kwanza. Basi ya nane ni Jumatano ijayo, mchana. Hakikisheni ameshachomwa vitamini K, hasa kama alizaliwa nyumbani, kwa sababu bila hiyo damu huchelewa kuganda. Akiwa na manjano, tohara huahirishwa. Na ugonjwa wa mwili mzima ukishapona, sheria hudai siku 7 kamili nyingine kabla ya kisu.

Gozi, yaani kitambaa cha kufungia kidonda, imegandia kidonda. Nikiivuta mtoto analia sana.

Acha kuvuta. Iliyogandisha gozi ni damu kavu, na damu hiyo hiyo ndiyo iliyoziba mishipa. Ukiing'oa, umefungua upya. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, chovya pamba safi, kisha ikamue juu ya gozi tone kwa tone kwa dakika 5 hadi 10. Ikilegea, ifungue kwa kuizungusha kinyume na ilivyofungwa. Ikikataa, mpe nafasi mpaka nepi ijayo. Wamoheli wengi huitaka itoke baada ya saa 24, ila wapo wanaoitoa wenyewe kesho yake, kwa hiyo mwulizeni kabla hajaondoka.

Baada ya hapo ni vaselini, na usiibanie. Paka nyingi kwenye gozi mpya au kwenye nepi yenyewe, pale inapogusa kidonda, kila unapombadilisha, kwa muda wa wiki moja hivi. Haiponyi kitu, kazi yake ni kuzuia kidonda kisishikane na nepi. Nepi iwe kubwa kidogo kuliko ya kawaida, na usiikaze.

Mimi ni bibi wa mtoto. Siku ya tatu naona utando wa manjano. Nimsugue kwa maji ya chumvi huo usaha?

Shikamoo bibi. Tafadhali usisugue. Utando mwembamba wa manjano au mweupe ulioshika kichwa cha uume ndio kupona kwenyewe, na utaisha wenyewe. Usaha unatiririka, unanuka, na huja pamoja na wekundu unaopanda kuelekea tumboni au uvimbe unaozidi badala ya kupungua. Hapo ni hospitali. Kinyesi kikigusa kidonda, mimina maji vuguvugu, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, basi. Poda, majivu, spiriti, na vile vitambaa vyenye unyevu vya dukani, vyote viwekwe mbali.

Damu kiasi gani ndiyo nyingi?

Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu mwilini, yaani kikombe kimoja cha chai. Doa la ukubwa wa sarafu kwenye nepi halina neno. Likizidi hapo, au ukiona damu inadondoka, bana kidonda kwa gozi safi kati ya vidole viwili, dakika 5 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia. Mara nyingi inatoka upande wa chini, pale ngozi inaposhikana na kichwa, kwa hiyo vidole vifike huko. Isipokoma, mpigie moheli mkiwa tayari njiani kwenda hospitali. Na usiku ule wa kwanza fungua nepi kila saa moja au mbili hata kama amelala, maana nepi za kisasa hunywa damu ukadhani yuko salama.

Ndugu wawili wa mama mtoto walivuja damu sana walipotahiriwa.

Msitahiri kabla ya kipimo cha kuganda kwa damu. Talmudi yenyewe, kitabu cha sheria za Kiyahudi, inamzuia mtoto asitahiriwe ikiwa ndugu zake wawili walikufa kwa tohara, na inawatazama hata watoto wa dada zake mama. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, hupita kwa mama.

Akae muda gani bila kukojoa?

Saa 8 zikipita, piga simu; zikifika 12, nendeni hospitali. Gozi iliyokazwa huziba njia ya mkojo. Kichwa cha uume kikigeuka samawati au cheusi, usingoje saa yoyote.

Panadoli?

Daktari ndiye aamue, kwa uzito wa mtoto. Mnyonyeshe na mbebe.

Moheli wetu hunyonya damu ya kidonda kwa mdomo. Tukubali?

Ombeni atumie kibomba cha kunyonyea damu. Wamoheli wengi hukitumia, na marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, wengi wanakikubali. Mate ya mtu mzima mwenye afya yanaweza kubeba virusi vya herpesi, na watoto wachanga wamekufa kwa hilo. Kama imeshafanyika, mkagueni mtoto kila siku kwa wiki mbili au tatu. Malengelenge, joto la 38 au zaidi, au kulegea na kukataa ziwa: mpelekeni saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari wazi kwamba kidonda kiliguswa kwa mdomo, ili aanze dawa ya virusi bila kusubiri majibu ya maabara.